Kama P Yatosha, Jiwe la Nini?

Niliwasha gari yangu ya otomatiki, nikaweka D, gia ya kwenda mbele, nikaachilia breki pole pole, gari haikuenda. Nikakanyaga mafuta kidogo. Ikasogea lakini kwa uzito wa ajabu, injini yanguruma na gari yatambaa, na mtoto wa jirani aliyekuwa barazani akila mahamri yake akaanza kucheka. "Anti, tairi yako haizunguki! Yaburutwa!"

Nikashuka kuangalia. Kweli bwana. Nyuma upande wa kushoto tairi ilikuwa imechora mstari mchangani kutoka pale gari ilipokuwa imelala mpaka pale nilipofika, umenyooka vizuri, hata kwa rula huchori hivyo.

Na hendibreki nilikuwa nimeishusha. Taa yake kwenye dashibodi ilikuwa imezima kabisa.

Ilikuwa masika, mie nakaa Likoni, Mombasa, upande wa Shelly ambako usiku bahari waisikia ukiwa kitandani, na gari ilikuwa imesimama uani, hendibreki juu, muda wote niliokuwa Nairobi kikazi. Watu wa hapa sina haja ya kuwaeleza chumvi hufanya nini. Grili ya dirisha waipaka rangi Ramadhani hii, Ramadhani ijayo ishaanza kuliwa na kutu.

Lakini sio kukwama kulikonisumbua wiki zote hizi. Kukwama kulitatuliwa ile asubuhi. Kilichonisumbua ni maneno ya fundi baada ya hapo.

Kebo ama shuu?

Fundi alikuja na boda, mkoba wa spana begani. Kabla hajagusa chochote alizunguka ukutani kwa jirani akarudi na mawe mawili makubwa, akayasukuma chini ya tairi za mbele, moja mbele ya tairi moja nyuma. Halafu ndio akaomba jeki.

Nilichokipenda kwake, hakuanza kwa nyundo. Aliinua nyuma, akaweka stendi, akajilaza chini akaishika ile kebo, waya wa hendibreki, kwa mkono pale inapoingia nyuma ya gurudumu. Aliniambia ujanja wote uko hapo. Hendibreki ikiwa chini, kebo yafaa ilegee kidogo. Ukiikuta imelegea na tairi bado haizunguki, basi kebo haina kosa, ni shuu, yale mapande ya breki yanayosugua, zimegandana kwa kutu na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, hutokea sana gari ikilala na maji baada ya mvua ama baada ya kuoshwa. Ukiikuta imekaza kama waya wa kuanikia nguo, basi mkono ulishuka lakini kebo haikurudi, imejamu ndani ya ala yake, ule mrija unaoifunika.

Yangu ilikuwa imekaza.

Ndio maana taa ilinidanganya. Ile taa haiangalii gurudumu. Yaangalia mkono wa hendibreki umeinuliwa au umeshushwa, na kwenye gari nyingi pia mafuta ya breki yakipungua. Kinachoendelea huko nyuma haina habari nacho.

Alipiga kiwiko kile kinachovutwa na kebo kwa bisibisi na nyundo ndogo, tak tak, kikarudi. Tairi ikazunguka lakini yakwaruza, krrr, kwa hivyo akaitoa na kutaka kufungua dramu, na dramu ikagoma. Hapa wengi ndipo wanapoanza kutwanga. Dramu ni chuma cha kusubu, ukiitwanga ukingoni yapasuka. Gari nyingi za Japani zina matundu mawili madogo usoni mwa dramu, yana uzi ndani, na watu huyaona miaka yote wasijue ni ya nini. Fundi akatia bolti mbili za milimita 8, akakaza hii kidogo na hii kidogo, kwa zamu, na dramu ikasukumwa nje yenyewe taratibu bila kelele.

Ndani kulikuwa na vumbi la kahawia tele. Akaivuta pumzi apulize, nikamshika bega. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na hizi za madukani hujui zina nini ndani, na mie kifua changu chanitosha. Tukatumia maji na kitambaa, yeye akinung'unika.

Shuu zilikuwa nzima. Akanionyesha ile tabaka inayosugua, imegandishwa kwenye chuma kwa gundi, na akasema ningeendelea kukanyaga mafuta kwa hasira ingeweza kubanduka yote, na hapo gurudumu lingekwama kwa kipande kilicholala ndani, shida nyingine kabisa. Kutikisa gari mbele na nyuma kwa upole, D halafu R ya kurudi nyuma, hapo sawa, mara nyingine shuu iliyogandana huachia kwa mlio mmoja. Ikikataa mara moja mbili, wacha.

"Tuikate tu dada"

Kisha akaniambia kebo imekufa. Mpira unaoziba mwisho wa ala ulikuwa umepasuka, maji yameingia, na kutu ikishika ule waya wa ndani unavimba, maana kutu yachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na ndani ya ala nafasi hakuna. Ukivuta, nguvu ya mkono wako yashinda. Ukiachilia, kinachotakiwa kuirudisha ni springi tu huko kwenye shuu, na springi haina nguvu hiyo. Ndio maana kebo mbovu huvutika vizuri tu lakini hairudi.

Nikamuuliza, si tutie mafuta? Akasema naweza, itafanya kazi wiki hii, wiki ijayo nitampigia tena simu.

"Wewe gari yako otomatiki. Weka P ya kuegesha, yatosha. Tuikate tu dada, hii kitu huitumii. Wateja wangu wengi nimewatolea na hawajarudi kulalamika."

Spea hakuwa nayo siku ile na mie nilikuwa na kazi mjini, kwa hivyo akaichomoa kebo, gurudumu likazunguka huru. Nikajaribu mkono wa hendibreki. Ulipanda kwa kidole kimoja, laini, haushiki kitu. Na taa ikawaka pale mbele, nyekundu, ile ile ya siku zote, kama kwamba kila kitu kiko sawa.

Wakati anakusanya spana zake akarudi kuyatoa yale mawe mawili chini ya tairi, na hapo ndipo nikauliza, kwa mzaha tu.

"Fundi, gari ilikuwa kwenye P muda wote. Kama P yatosha, jiwe la nini?"

Akacheka. "Jiwe ni la roho yangu, dada. P ni ya gari lako."

Akapanda boda akaenda zake.

Feri

Ningeyasahau yale maneno lau ningekuwa nakaa Tudor au Nyali, kusikohitaji feri. Lakini mie kufika mjini navuka feri ya Likoni.

Mnajua wenyewe kulivyo. Gari zaingia, watu waingia, wenye mikokoteni waingia, na ukishasimama pale sakafuni watu wako mbele yako, pembeni, nyuma yako, mama na mtoto mgongoni ameegemea buti ya gari yako kwa kuwa hana pengine pa kuegemea. Unyooshe mkono dirishani wagusa mtu. Na zile ncha mbili za feri zina mwinamo, ukipata bahati mbaya ya kuwa gari ya mwisho kupanda, wasimama kwenye mwinamo wenyewe.

Na sote twakumbuka Septemba 2019. Gari ilirudi nyuma ikateleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee ikiwa na mama na bintiye ndani, mji mzima ukakaa pale ukingoni karibu wiki mbili ukisubiri itolewe majini. Sitaki kuongea mengi juu ya familia za watu. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule mkono wangu huenda wenyewe kwenye hendibreki nikipanda feri, hata sifikirii.

Sasa ulikuwa ukienda na hauvuti kitu.

Nikawa navuka nimeweka P na mguu mzima kwenye breki, kutoka Likoni mpaka ng'ambo, paja laniuma. Injini ukiizima breki ya mguu bado yashika, lakini ile busta inayokusaidia yabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali yawa ngumu. Haya mambo nilikuwa siyawazi. Nilianza kuyawaza yote pale kwenye mwinamo, na yule mama ameegemea buti.

Niliwaza hata kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri, kila siku. Mafuta yangenimaliza.

P ni kitu gani hasa

Basi nikaanza kuuliza watu, na nikagundua wengi wetu tunaamini P ni breki. P sio breki. Haigusi gurudumu. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu dogo la meno, na ukiweka P kidole kimoja cha chuma chaingia kati ya meno mawili. Basi. Kidole kimoja chashikilia gari nzima.

Hicho kidole kina nguvu, sikatai, gari nyingi zalala kwenye P miaka na miaka. Lakini gari zetu hizi ndogo injini yavuta tairi za mbele, kwa hivyo P yafunga mbele peke yake, nyuma ziko huru kabisa. Na hizo za mbele zenyewe zimeunganishwa na difu. Difu kazi yake ni kuruhusu tairi moja izunguke kuliko mwenzake ukikata kona. Sasa inua tairi moja ya mbele kwa jeki, gari iko P, hakuna hendibreki. Ile iliyo hewani yaweza kuzunguka kinyume, na ile iliyo chini yaweza kubingirika. Gari yakuondokea juu ya jeki na wewe uko chini.

Fundi alijua haya yote. Mikono yake ilijua, ndio maana ilikwenda kutafuta mawe kabla ya jeki. Mdomo wake ndio uliokuwa ukiniuzia P.

Simlaumu sana. Kukata kebo kwachukua dakika chache, mteja afurahi, gari haikokoti tena, haili mafuta, hakuna harufu ya kuungua. Na ukweli ni kwamba mteja mwenyewe wa otomatiki hendibreki ashaifanya mahali pa kutundika mfuko wa sokoni Marikiti. Kuna watu nimewauliza mara ya mwisho walivuta lini wakaniangalia kama nimewauliza mahari ya bibi yao.

Ami na lori

Ami yangu aliendesha trela kutoka bandarini mpaka Malaba ujana wake wote, na alipolisikia suala langu hakunionea huruma hata kidogo, alikasirika.

Kwenye lori mambo yamepinduliwa. Kinachofunga breki ya kuegesha ni springi kubwa, na hewa ndiyo inayoizuia isifunge. Ule mlio wa pssss mnaousikia Changamwe na Miritini dereva akisimama, ni hewa yatolewa ili springi ifunge. Kwa hivyo lori likipata tundu hewa ikaisha, halikimbii, lajifunga lenyewe pale pale barabarani na foleni yaanza mpaka Mazeras.

"Lori likiharibika lakataa kwenda," ami alisema. "Hako kagari kako kakiharibika kakataa kusimama. Na wewe umelipa mtu akuharibie."

Nikamwambia nilikuwa nasubiri spea. Akaniambia spea haisubiriwi, yafuatwa.

Aliponiacha niliendelea kulifikiria lile neno lake la kukataa kusimama. Kebo iliyojamu ni mbaya lakini yakupigia kelele, tairi yachora mchanga, dramu yachemka, watoto wakucheka. Kebo iliyokatwa haisemi kitu. Gari yaenda laini kuliko jana, mkono wapanda, taa yawaka. Na ikiwa siku moja bomba la mafuta ya breki litapasuka pale mteremkoni, hendibreki ndiyo breki pekee isiyotumia mafuta, ni waya mtupu kutoka mkononi mwako mpaka kwenye gurudumu. Kwa kizamani iliitwa breki ya dharura na nadhani tulipoanza kuiita ya kuegeshea tu ndipo tukaidharau.

Kuvuta au kutovuta

Hapa nilibishana na nafsi yangu kweli kweli, maana ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili na wote ulitoka kwa watu wanaojua.

Wa kwanza: vuta kila siku. Kebo inayotembea ndani ya ala yake haipati nafasi ya kugandana, ile isiyoguswa miezi ndiyo inayokufa. Gari za manyo, za gia za mkono, ambazo dereva hana budi kuvuta, mara nyingi zina hendibreki hai, na otomatiki ya umri ule ule iko hoi.

Wa pili: usivute kamwe, hasa karibu na bahari, utaikuta imekwama. Na wa pili unao ushahidi, si ulikuwa uani kwangu?

Hata huko Japani zinakotoka hizi gari, sehemu za baridi kali kama Hokkaido madereva huambiwa wasivute hendibreki usiku wa barafu, maji yakiganda ndani ya kebo haitarudi asubuhi. Na barabara zao za theluji humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Kwa hivyo gari yaweza kuwa ishalamba chumvi ya huko kabla haijashushwa bandarini hapa na kuanza kulamba ya kwetu. Twaziagiza zisizidi miaka 8, lakini kebo haiulizwi umri wala hakuna anayeinama kuiangalia wakati wa kununua. Watu huangalia redio.

Msimamo wangu nimeufikia pole pole na ami bado haukubali. Gari inayotumika kila siku, vuta kila unapoegesha, hata kwenye tambarare. Na kwa mpangilio huu: mguu kwenye breki, weka N, gia huru, vuta hendibreki, achilia mguu kidogo gari ikae juu ya hendibreki, ndio uweke P. Hivyo uzito unalaliwa na breki, kile kidole cha ndani kinabaki akiba. Ule mshtuko wa "tak!" watu wanaousikia wakitoa P mlimani ni kidole kinachochomolewa kikiwa kimebeba gari nzima.

Lakini gari itakayolala wiki kadhaa, hasa masika, hasa huku ufukweni, hapo usivute. Tambarare, P, mawe ama vipande vya mbao mbele na nyuma ya tairi. Na ukiwa umetoka kuiosha, izungushe kidogo mtaani ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke ndani, kisha ndio uilaze.

Kebo mpya

Mjini, maduka ya upande wa Mwembe Tayari, nilipewa chaguo mbili. Eksi Japani, yaani iliyotumika huko Japani, ama mpya. Eksi Japani kwa injini au mlango mie sina neno, kwa kebo ya hendibreki hapana, wanunua kutu ya mtu mwingine. Mpya ilikuwa chini ya bei ya tanki moja la petroli, na wiki zote zile nilikuwa nikiumiza paja kwa ajili hiyo.

Nilinunua mbili, kulia na kushoto. Fundi yule yule. Hakushangaa kuniona wala hakuuliza mbona nimebadili nia, aliendea mawe yake kama kawaida.

Kitu kimoja nilichojifunza nikimtazama, na mafundi wengi hukiruka: hendibreki ikiwa yapanda sana, haianzwi kukazwa kwenye kebo. Kwanza waajasti shuu zenyewe, kile kigurudumu cha meno kilicho kati yake, mpaka zikaribie dramu bila kukwaruza. Kebo yafuata mwisho, kuondoa tu ulegevu uliobaki. Ukianza na kebo wakaza waya kufidia shuu zilizo mbali, viwiko vyabaki vimevutwa nusu njia muda wote, na kwenye dramu nyingi ajasta haitajirekebisha tena. Baada ya muda breki ya mguu yashuka chini na hujui kwa nini.

Akamaliza, tukahesabu kliki. Gari nyingi za aina hii zataka kama sita mpaka tisa, kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho. Tukainua nyuma tena, mkono chini, tairi zote mbili zazunguka huru. Mkono juu, haziendi. Halafu tukaipeleka mteremkoni, N, hendibreki peke yake, mie ndani na yeye nje ameshika jiwe tayari. Ikashika.

(Wenye gari za hendibreki ya kitufe, hizo za mota ndogo kwenye breki za nyuma, hii habari ya bisibisi na nyundo haiwahusu. Hizo ziwekwe kwanza katika hali ya matengenezo kwa mashine ama kwa utaratibu wa kitabu, ukizilazimisha wavunja mota.)

Wakati wa kusafisha akaniomba ile kebo ya zamani ya upande wa kulia. Ile ya kushoto ilikuwa imekufa, lakini ya kulia haijawahi kukwama, ati nzima kabisa, na ana mteja Mtongwe itamfaa, mie nimeitoa bure tu. Nikamwambia sawa chukua, ila ikunje kwanza uivute nione.

Akaikunja. Akavuta, ikaja. Akaachilia, ikarudi nusu ikasimama.

Akaitazama. Akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniuliza kama kuna maji baridi.